Nani Aliyeonja Kwanza

Miaka kumi na tisa naandika maneno ya watu
katika mahakama ya kadhi, Lamu,
na kalamu yangu imejifunza kusita
kila anaposimama mtu na kusema: nilisikia.
Ulisikia kwa nani? Naye alikuwa wapi?
Taa ilikuwa inawaka?

Basi Alhamisi ile, uvumi ulipotoka Langoni
kwamba kisima cha Bi Mwanamkuu,
cha munyu tangu enzi ya bibi yake,
kimeamka na maji matamu,
nilifunga faili la talaka nikashika njia.
Si kwa imani. Kwa mazoea.

Uchochoro mzima umepangwa madumu.
"Haya, wasiosadiki watasema nini sasa?"
Famau muuza vocha, na jicho lake kwangu.
Famau hakuonja. Alisikia kwa Swabra wa mikate ya mofa.
Swabra hakuonja, alikuwa na saumu ya kulipa;
alisikia kwa shemeji yake Lali,
aliyeniapia mara tatu bila kuombwa hata moja.
Lali kwa kijana wa madrasa,
kijana kwa fundi wa pampu,
na fundi akacheka, mikono imejaa grisi:
"Mimi nilisema yamepungua ukali.
Utamu wameutia wao njiani."

Hapo ningeweza kurudi kazini.
Mvua ya juzi, mchanga wa Shela unaochuja, basi.

Ila nyuma ya fundi, kwenye kigoda,
Bi Mwanamkuu anachambua mchele.
Hajauza kikombe. Hajaita mtu.
"Nilionja mimi. Alfajiri, mvua haijanyesha.
Athmani wangu ametimiza arubaini kaburini.
Nilimwomba Mungu kitu kidogo,
sikumwomba amrudishe, nina akili zangu.
Kitu tu cha kunambia kuwa nasikiwa.
Nikateka ya kutawadha, nikasukutua,
mwanangu, yalikuwa kama ya dafu."

Hakuapa.
Nilimuuliza ndoo ilikuwa ya rangi gani, hakumbuki.
Waongo hukumbuka ndoo.

Mama huyu ningemwamini kwa shamba,
kwa mahari, kwa nyumba ya ghorofa mbili ya urithi.
Kwa nini nashindwa kwa funda la maji?
Kwa sababu mahari tumeyaona yakilipwa,
na munyu hatujauona ukimtii mtu.
Jambo zito hudai shahidi mzito kulipita:
hiyo ndiyo mizani, sikuitunga mimi.
Lakini mlango nikiufunga kwa kufuli hiyo
hata kweli, siku ikija, italala nje.

Na lipo swali lililonipanda hadi kooni.
Athmani aliuawa na figo.
Aliyeutoa munyu kisimani
alishindwaje kuutoa katika damu ya kijana?
Nikalimeza. Kuna maswali
ambayo karani humwachia wakili.

Akanipa kikombe cha bati. "Onja."
Nikaonja.
Munyu. Labda si mwingi.
Sikuwahi kuyaonja kabla, sina pa kulinganishia,
na hilo, katika miaka yote ya kuwahoji wengine,
sikuwahi kujiuliza mimi.

"Kwako je?"
"Sijui, Bi."
"Basi sema hivyo hivyo. Mimi nimekwambia nilichoonja.
Aliyefanya hukuniuliza,
wala sikukwita uje unithibitishie Mungu.
Hao wa madumu ndio wanaotaka risiti."
Akarudi kwenye mchele wake, akatoa kijiwe, akakitupa.

Ofisini nilichora jedwali, desturi ya mkono.
Shahidi: mmoja. Hali yake: mkweli, mwenye msiba.
Lililothibitishwa:
hapo wino ukasimama.
Mkweli anaweza kukosea.
Mwenye msiba anaweza kupewa.
Yote mawili yanatosha katika sentensi moja
na sentensi haipasuki.

Usiku nilichemsha chai, sikuitia sukari.
Nilitaka kujua ulimi wangu unasema nini
ukiachwa peke yake.